Mtu wa Thelathini

Delfina Arredondo hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na wala hilo halikumnyima usingizi. Alizaliwa wa sita kati ya wanane. Darasa la tisa aliacha shule akaenda kung'oa vitunguu na mama yake, kisha akaolewa na dereva wa malori ambaye siku moja alipeleka ng'ombe Oklahoma akaota mizizi hukohuko, kwa mwanamke mwingine. Kilichobaki mikononi mwake ni binti mmoja, Yadira, na kazi katika jiko la shule ya Santa Petra, mji wa kusini mwa Texas wenye miti ya miiba mingi kuliko watu.

Jikoni hapo alikuwa na sifa mbili, mkono mwepesi na mdomo mkali. Ukimwambia maharage hayana chumvi, alikujibu kwamba una machozi, nenda ukalie juu ya sahani. Watoto walimpenda kwa hilo. Waliingia wadogo wa kushikwa mkono, wakatoka na ndevu, na yeye yuleyule nyuma ya meza ya chuma anawapakulia.

Yadira hakumfuata mama yake kwa mdomo. Alikuwa msichana wa kunyamaza na kusoma. Miaka ile visima vya wilaya vilikuwa vinakauka kimoja baada ya kingine, na watu wazima waliinama midomoni mwa visima wakasali. Yadira yeye aliuliza maji yamekwenda wapi. Swali hilo lilimshika kama ugonjwa. Akasikia kwamba huko Austin, katika chuo kikuu kikubwa, kuna watu wanaosoma maji yaliyo chini ya ardhi maisha yao yote. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

Sasa kuna sheria moja Texas ambayo kila mama wa mji mdogo anaijua kama Baba Yetu. Mwanafunzi aliye katika sehemu ya kumi ya juu ya darasa lake la mwisho, awe wa shule ya majumba ama ya vumbi, vyuo vikuu vya serikali vinampokea bila kumuuliza swali. Hawaulizi baba yake ni nani, hawatazami alipata nini katika ule mtihani mkubwa wa Jumamosi. Na hapo ndipo penye uhai wa Yadira, kwa sababu mtihani huo aliufanya mara mbili na mara zote mbili alirudi amenyong'onyea. Ulimuuliza maneno ambayo Santa Petra hayajawahi kutamkwa na mtu wala na kasuku. Kwa hiyo njia yake ilikuwa moja tu, nafasi yake darasani. Darasa lilikuwa na watu thelathini. Sehemu ya kumi ni watatu. Yadira alikuwa wa tatu.

Dada yake Delfina, Hortensia, aliyeolewa San Antonio, hakuipenda sheria hiyo hata kidogo. Mwanawe alisoma katika shule ya watoto wa madaktari na mawakili, darasa la watu mia sita, na kwa alama zake nzuri zote hakufika hata themanini bora.

"Ni haki hiyo?" Hortensia alifoka kwenye simu. "Mwanangu amesoma hesabu ambazo huko kwenu hata mwalimu hazijui. Yadira wako angekuja huku angekuwa wa mia mbili!"

"Na wako angekuja huku angekuwa wa kwanza," Delfina akamjibu. "Mlete basi. Tuna nafasi ya kulala, na nge ni wapole."

Hortensia akakata simu. Lakini nisiache kusema kwamba maneno yake yalimchoma Delfina, maana yalikuwa na ukweli ndani yake. Mtu wa tatu ni wa tatu kwa sababu ya walio nyuma yake. Alilijua hilo, akalifunika kama mtu anavyofunika sufuria ya jana.

Mwezi wa tisa, Bi Krenek, mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mrefu mwenye huruma na miwani ya kamba, alikuja jikoni mwenyewe. Hilo peke yake lilimtisha Delfina, kwa sababu Bi Krenek alikuwa anakula chakula alichotoka nacho nyumbani.

"Mama Delfina, wa kwanza na wa pili hawashikiki," alisema. "Yadira atabaki wa tatu, hilo halina shida. Shida ni Efraín."

"Efraín Tijerina? Yule wa mwisho? Anahusika nini na binti yangu?"

"Anataka kuacha shule aende na mjomba wake kwenye visima vya gesi. Akiondoka, tunabaki ishirini na tisa. Sehemu ya kumi ya ishirini na tisa si watatu."

"Ni wangapi?"

"Wawili na pointi tisa."

"Basi si karibu tatu hiyo? Hata sokoni wangenipa."

"Sheria inasema isizidi sehemu ya kumi. Watatu ni zaidi. Wanachukua wawili."

Ludivina, aliyefanya kazi na Delfina jikoni na ambaye binti yake Maricela alikuwa mwaka mmoja nyuma ya Yadira, aliacha kumenya viazi. "Maskini," akasema, "binti wa watu anasoma mpaka macho yanamtoka, kumbe roho yake ipo mfukoni mwa Efraín!"

Ilikuwa hivyo hasa. Hesabu za mwisho zingepelekwa mwezi wa kwanza, baada ya likizo ya Krismasi. Mpaka siku hiyo kijana yule ilibidi awe kwenye daftari la shule, hai, na mwenye mwili.

Efraín alikuwa kijana mnene, mcheshi, ambaye kufeli kulikuwa kama kazi yake ya kuajiriwa. Pale shuleni kuna desturi. Timu yao inaitwa Mabeberu, na beberu wa kweli anafugwa nyuma ya uwanja. Wa kwanza wa darasa la kumi na mbili hutoa hotuba siku ya mahafali. Wa mwisho humzungusha beberu ukumbini siku ya kufunga shule kwa Krismasi, beberu amevishwa taji la karatasi, shule nzima ikilia meee. Mwaka uliotangulia mtu wa mwisho alikuwa mgonjwa, wakamwazima Efraín, na Efraín alimbusu beberu mdomoni. Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akafuta machozi. Tangu hapo jina lake likawa Beberu, na alilivaa kama kofia.

Delfina akajifunga kibwebwe. Mkono mtupu haulambwi, naye alikuwa na jiko. Efraín alianza kuona nyama ikizidi kwenye sahani yake. Jumamosi aliitwa nyumbani kula supu ya utumbo, Jumapili kichwa cha ng'ombe kilichoiva shimoni usiku kucha. Alikula, akashukuru, akaendelea kukosa shule siku za Jumatatu.

"Mwanangu," Delfina akamwuliza siku moja, "kwani shule inakuuma wapi?"

Kijana aliacha kutafuna. "Kote, Mama Delfina. Unakaa siku nzima watu wanaongea lugha usiyoijua, halafu wanakucheka kwa kutokuijua. Wewe ungeenda?"

Delfina alikumbuka darasa lake la tisa. Jioni ile alimwambia Yadira: "Utamfundisha."

"Mama, nina mambo yangu."

"Huyu ndiye mambo yako."

Yadira alimgeukia mama yake. "Tunamfuga," akasema. "Kama yule beberu wa uwanjani."

"Beberu anafugwa bure. Huyu anafundishwa. Nenda kalete vitabu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila jioni watu wawili mezani, Delfina akipika nyuma yao na kuingilia yasiyomhusu. Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Yadira aliuma penseli, Efraín alifanya mzaha, mkate ukaisha. Kisha siku moja Yadira akamwuliza yeye na mjomba wake hujengaje ua wa waya kwenye kilima, wanajuaje nguzo zitakuwa ngapi. Efraín akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa mikono na kwa sauti, na alipomaliza Yadira akamgeuzia karatasi akamwonyesha kwamba alichoeleza ndicho kilichoandikwa ukurasa mzima wa hesabu uliomshinda.

"Mbona hawakusema ni ua?" Efraín akauliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Miaka yote hii! Mbona hawakusema ni ua?"

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Alikuja hata siku ambazo hakuitwa. Aliacha kukosa Jumatatu. Alisoma kwa midomo, polepole, jasho likimtoka, na akifika mwisho wa ukurasa anapiga meza kofi. Yadira, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka. Na Delfina, niseme ukweli, alisahau kwa nini walianza. Alimpenda yule kijana. Alipika akimsikiliza anasoma, na moyo wake ulijaa kama vile aliyekuwa anasoma ni yeye mwenyewe, wa darasa la tisa, na vitunguu havijamfika.

Hata mtu mmoja katika nyumba ile hakufikiria jambo ambalo mtoto wa chekechea angelifikiria. Ukimwinua wa mwisho, mwisho haubaki tupu.

Siku ya kufunga shule, asubuhi, kila mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili alipewa kikaratasi cha nafasi yake kutoka ofisi ya Bi Krenek. Ni siri ya kila mtu, na kwa hiyo kufika saa ya chakula inajulikana mji mzima. Efraín aliingia bwaloni amekipandisha kikaratasi juu ya kichwa.

"Ishirini na sita! Mama Delfina! Ishirini na sita!"

Delfina alipiga meza ya chuma kwa upawa mpaka bwalo zima likageuka. Alitoka nyuma ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa ya kazi, akamkumbatia kijana na aproni yake ya mafuta. Ludivina alipiga vigelegele. Kisha sauti moja kutoka meza ya wachezaji ikauliza kwa furaha:

"Sasa beberu atazungushwa na nani?"

Wakatazamana. Kikaratasi kikanyang'anywa kutoka mkononi mwa kijana mmoja mwembamba aliyekaa mwisho wa meza karibu na mlango. Jina lake Nicanor. Miaka yote alikuwa wa ishirini na tisa, na miaka yote hakuna aliyejua, kwa sababu mbele ya mtu wa mwisho hakuna anayetazama.

"Nicanor! Nicanor ndiye mkia! Meee!"

Saa nane shule nzima ilikuwa ukumbini. Delfina na Ludivina walisimama mlangoni na sinia za tamale za sikukuu, zile za unga wa mahindi zilizofungwa kwenye maganda. Beberu akaletwa na taji lake. Nicanor akapewa kamba. Watu wakaanza kulia meee, kwa nia njema kabisa, kama walivyomlilia Efraín, wakimngoja afanye kichekesho chake.

Nicanor hakuwa na kichekesho. Alitembea. Beberu aliuma mkono wa shati lake, ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na Delfina naye akacheka. Alicheka kwa sababu siku ilikuwa njema, Efraín ishirini na sita, binti yake wa tatu, na beberu ana taji. Nicanor alifika katikati ya ukumbi. Akasimama. Akaiweka kamba chini polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachovunjika, akatembea hadi mlangoni, akapita kati ya zile sinia mbili bila kumgusa mtu, akatoka.

"Chukua tamale, mwanangu," Delfina alimwambia alipokuwa anapita. Hakuchukua.

Shule ilipofunguliwa, Bi Krenek alimwita Delfina ofisini. Yadira alikuwa ameshakaa pale. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililomwogopesha mama yake.

"Nicanor ameacha," Bi Krenek alisema. "Ametimiza miaka kumi na minane, amesaini mwenyewe. Tumebaki ishirini na tisa."

Delfina hakuelewa mara moja. Akamtazama binti yake, akamtazama mshauri. "Lakini Efraín yupo."

"Efraín yupo."

"Tumemfundisha. Ana alama. Yupo!"

"Mama," Yadira alisema taratibu, "sio Efraín tena. Wa mwisho ni mwingine."

Hapo likamwingia. Lilimwingia lote kwa pamoja. "Wawili na pointi tisa," akasema.

"Ndiyo," Bi Krenek akajibu, na miwani yake ilikuwa imelowa. "Nimepiga simu huku na huko. Hakuna wa kutufungulia mlango."

"Basi waambieni wachukue zile pointi tisa za mwanangu. Nitawapelekea mwenyewe. Mguu nitabaki nao nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Bi Krenek akasema hesabu zinakwenda Ijumaa, na mpaka Ijumaa Nicanor akirudi atamwandika upya, hata bila kalamu, hata kwa kidole. Nisimseme vibaya mama huyo. Alifanya aliloweza, na sheria yenyewe haikuwa na ubaya. Kabla yake, kutoka Santa Petra aliyefika Austin ni yule aliyepeleka mbuzi mnadani. Ila sheria iliyoandikwa kwa hesabu haina mahali pa kuandika beberu.

Delfina aliuliza mjini akaambiwa Nicanor yuko kwenye ranchi moja ya wawindaji, anachuna swala kwa matajiri wanaotoka Houston. Akachemsha tamale mpya, akazifunga kwa taulo, akaendesha gari kwenye barabara ya vumbi mpaka geti.

"Namtafuta Nicanor," akamwambia mlinzi.

"Nicanor nani?"

Delfina hakulijua jina lake la ukoo. Alimpakulia yule mtoto tangu akiwa wa kushikwa mkono. "Nicanor wa shuleni," akasema.

"Huku hakuna wa shuleni, mama," mlinzi akacheka. "Pita pale bandani."

Alimkuta chini ya banda la mabati, swala ananing'inia kwenye ndoano, na kijana yuko peke yake anafanya kazi ya watu wawili. Kisu chake kilikuwa kinapita kati ya ngozi na nyama bila haraka.

"Shikamoo, Mama Delfina."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuletea tamale. Za moto."

Aliziangalia. "Za nguruwe?"

"Za nguruwe, na pilipili nyekundu."

"Efraín alisema unatengeneza nzuri sana. Kila wiki alikuwa anatusimulia. Supu, vichwa vya ng'ombe, tamale. Sisi tunasikiliza tu."

Delfina aliweka taulo juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Rudi shule, mwanangu. Imebaki miezi minne tu. Utakuwa na cheti, utapata kazi ya maana."

"Umekuja kwa ajili ya cheti changu?"

Delfina akaanza kulifungua taulo.

"Yadira ni wa tatu," Nicanor alisema, bila hasira. "Najua hesabu hiyo. Wanadhani sijui hesabu. Bila mimi hatoki."

"Sikudanganyi. Ndiyo. Nakuomba. Nitakupigia magoti hapa kwenye damu kama unataka."

"Usipige magoti, Mama. Sakafu chafu." Aliifuta mikono yake kwa kitambaa. "Efraín alipokuwa wa mwisho mlikwenda kwake na chakula. Mkamkalisha mezani. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho, hatua moja tu, hamkuniona. Sasa mimi ndiye wa mwisho, umekuja na chakula."

"Nitakukalisha wewe pia. Njoo leo. Yadira atakufundisha kama alivyomfundisha yeye."

"Mpaka Ijumaa?"

Upepo ulitikisa mabati.

"Efraín mlimtaka afaulu," Nicanor akasema. "Mimi mnanitaka nifeli, ila niwepo. Nikirudi kesho, pale bwaloni, nitaingia kama nani? Na ukinifundisha nikapanda, si utamsukuma Ramiro, aliye mbele yangu, awe wa mwisho? Ramiro anatetemeka mtu akimwita jina. Yeye ndiye atakayefuata kupewa kamba."

"Hakuna anayekuchukia, mwanangu. Walikuwa wanacheza tu."

"Nawe ulicheka." Alisema hivyo kama anataja hali ya hewa. "Nilikutazama. Nilijiambia, Mama Delfina akinyamaza namaliza mzunguko. Ukacheka."

Delfina alilia. Alilia kwa ajili ya binti yake, kisha katikati ya kilio akajikuta analia kwa ajili ya huyu, na hakujua tena ni machozi ya nani. Nicanor alimletea kiti. Alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na adabu mpaka inauma. Alipoinuka kuondoka alimfungulia mlango wa gari, na akamrudishia zile tamale na taulo lake.

"Mpe salamu Yadira," alisema. "Aliwahi kuniazima kifutio darasa la nne. Mwambie samahani."

Ijumaa hesabu zikapelekwa. Za watu ishirini na tisa.

Jibu la Austin lilikuja mwezi wa tatu, la heshima na fupi. Yadira alilisoma amesimama, akalikunja, akaenda kuanika nguo. Mama yake alimfuata nje.

"Nisamehe," Delfina alisema. "Ni mimi. Ningemlisha tu yule kijana, nikaishia hapo."

"Usiseme hivyo."

"Ni kweli."

"Najua ni kweli, Mama. Ndiyo maana nakuambia usiseme." Alibana shuka kwenye kamba kwa kibanio. "Kumfundisha Efraín ndicho kitu pekee cha maana nilichofanya mwaka huu. Usininyang'anye na hicho."

Siku ya mahafali Efraín alipanda jukwaani na joho lililombana tumbo, na ukumbi ulimshangilia kuliko wa kwanza. Hakujua. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Baadaye, uwanjani, mama yake alikuja akaishika mikono ya Delfina akaibusu yote miwili, ya kulia na ya kushoto.

"Umenipa mtoto wangu," alisema. "Mungu akulipe, dada yangu. Mungu akulipe kupitia kwa binti yako."

"Amina," Delfina akajibu. Nyuma ya bega la yule mama alimwona Yadira amesimama na wenzake, anapigwa picha, anatabasamu kwa meno tu.

Yadira akaenda chuo cha miaka miwili katika mji wa jirani, asubuhi anasoma utunzaji wa hesabu za maduka, jioni yuko kaunta ya duka la dawa. Hakulalamika. Visima viliendelea kukauka na hakuuliza tena maji yamekwenda wapi. Delfina alisubiri aulize. Alisubiri jioni nyingi, akipika polepole, akitaja ukame makusudi, kwamba fulani kachimba akakuta vumbi. "Maskini," Yadira alijibu, akaendelea kula.

Mwezi wa tisa ukarudi kama unavyorudi. Darasa jipya la kumi na mbili lilikuwa na watu arobaini kamili, na Maricela, binti wa Ludivina, alikuwa wa nne. Ludivina alizunguka jikoni wiki nzima na neno mdomoni. Siku moja, wakikwangua masufuria kabla ya kengele ya chakula, akalitema.

"Shoga, wa mwisho wa mwaka huu ni yule Ramiro, aliyefeli akarudishwa darasa. Anasema anataka kwenda kwa baba yake Laredo. Akiondoka, Maricela wangu amekwisha."

"Nimesikia."

"Wewe Efraín ulimfanyaje? Maana yale mengine yalikuwa mkosi tu, lakini Efraín alibaki. Nifundishe."

Delfina aliendelea kukwangua. "Mlishe," akasema. "Mpe nyama nzuri. Mwite jina lake, la kwake na la ukoo, siku zote. Mcheke anapochekesha. Ukisikia mtu anamlilia meee, mpige upawa."

"Na masomo? Maricela anasema atamkalisha jioni, amfundishe zile hesabu. Kijana si mjinga, ni woga tu. Nusu saa kila siku—"

"Usimfundishe."

Ludivina alidhani hakusikia vizuri, maana maji yalikuwa yanatiririka. Akafunga bomba. "Umesemaje?"

"Usimfundishe, Ludivina. Mwache hapohapo alipo. Hapo amekwisha pazoea." Delfina alikuwa hamtazami. Uso wake ulikuwa umemshuka kwa aibu, na alijua, kama anavyojua njia ya kwenda kwake, kwamba maneno hayo yametoka kinywani mwake mwenyewe na kwamba yalikuwa ushauri mzuri.

Kengele ikalia, watoto wakaingia. Ramiro alikuja wa mwisho kwenye foleni, amekumbatia sinia yake kifuani, macho chini.

"Ramiro Escamilla," Delfina akamwita kwa sauti ya upole. "Lete sahani, mwanangu."

Akamwongezea nyama.